Asali ya Mzee M'Ikiara na Kamba za Viatu Vyangu

Jumatatu, 7 Machi 1966

Limefika! Pipa la asali limefika juu ya lori la kabichi kutoka Meru, limefunikwa gunia, na nyuki mmoja amesafiri nalo njia nzima bila nauli. Mjomba alilichonga mwenyewe. Mfuniko ni ngozi ya ng'ombe, kamba ni ya ngozi vilevile, na fundo ni la kwao Tigania, gumu kama roho ya Mjomba. Limejaa hadi mdomo. Nimeligonga kwa kidole. Halikulia. Limeshiba.

Ni pipa la posa. Jumamosi ya wiki ijayo nalipeleka Burat, nje ya mji, kwa Mzee M'Ikiara, baba yake Kajuju, na Kajuju anakuwa wangu. Mifugo tumeshaelewana. Imebaki asali. Na watu wa nyumba ya M'Ikiara wana sharti lao: asali ya posa haifunguliwi njiani. Wanawake wa nyumba ya binti ndio wanaofungua, na wao ndio wa kwanza kuonja. Ikifunguliwa na mkono mwingine si asali tena, ni matusi.

Nani atafungua? Mimi Kaimenyi? Thubutu!

Anderson, karani wa ofisi ya mifugo, naye anamtaka Kajuju. Ana baiskeli. Ana tai. Mimi napima unga kwenye kinu cha posho na nywele zangu ni nyeupe kabla ya wakati. Nimeambiwa amemnong'oneza Mzee kwamba siku hizi asali haipatikani, kwa hiyo Kaimenyi ataleta maji ya sukari. Mtu mbaya sana.

Kuhusu kupatikana hakusema uongo. Tangu vita hivi vya shifta vianze, magari ya kaskazini hayaendi bila msafara wa jeshi, warina asali wa huko nyuma ya Gotu hawatoki porini, na jioni kafiu, ile amri ya kutotoka nje, inatufungia ndani kama kuku. Mji wote hauna asali. Iko chumbani kwangu tu.

Leo hakukuwa na mahindi. Kinu kimya. Upepo wa vumbi ukapita, mji ukawa rangi ya chai ya maziwa. Nikalala kando ya pipa. Nikaota Kajuju ananimiminia kitu cha dhahabu masikioni, polepole, na mimi namwambia asante, bado kidogo.

Jumatano, 9 Machi

Nimefungua. Lakini nisikilizwe kwanza!

Mama Tache, mwenye plot hii ya vyumba vya kupanga, alikuwa anakaanga buni kwa samli kama Waborana wenzake wanavyofanya. Samli ya moto ikamwagika juu ya mguu wake. Ukelele ule sitausahau. Nikatoka mbio. Zahanati ilikuwa imefungwa kwa sababu dresa wa vidonda ameenda na msafara. Mama Tache akauma leso, akasema kwa meno kwamba kwao moto hupakwa asali tupu, na kwamba yeye anasikia harufu ya asali kutoka chumbani kwangu tangu juzi, basi nisijitie hamnazo.

Ningefanya nini? Nikafungua fundo la Mjomba. Lilinichukua muda mrefu, matusi yote ninayoyajua yakaisha kabla halijafunguka. Nikachota kijiko kimoja. Nikamwosha mguu kwa maji yaliyochemka na kupoa, nikampaka, nikafunga kwa kitambaa safi. Akanyamaza. Akashusha pumzi. Akasema mama yake aliyekufa amemshika mguu.

Nikarudi chumbani na roho nyeupe. Nikamkuta mbuzi wa Mama Tache. Anatafuna. Ncha ya kamba ya Mjomba inaning'inia mdomoni mwake, kisha haining'inii tena. Kamba ya ngozi iliyoroa asali! Amekula fundo la Tigania lote na ananitazama kama mtu anayesubiri chai.

Nimefunga mfuniko kwa kamba ya kiatu changu cha kulia. Ni mpya, ya kahawia, ukiitazama haraka ni ngozi kabisa. Mama Tache ameuliza kwa nini sikutumia katani. Mtu mwenye mguu mbovu hapaswi kubishana.

Ijumaa, 11 Machi

Mguu wa Mama Tache unapona! Kila asubuhi namwosha, nampaka, nafunga. Malengelenge yamelala. Amewaambia wote kisimani.

Matokeo yake, leo Lomuria amekuja. Lomuria ni Mturkana, mlinzi wa kinu chetu, mwenye punda na kikohozi. Alikaa mlangoni bila kusema anachotaka, akakohoa mara kadhaa akilitazama pipa. Nikampa kijiko. Akalamba huku amefumba macho. Akasema kwao asali huchanganywa na mafuta ya mkia wa kondoo, hupakwa miguu iliyopasuka ya wachungaji na majeraha ya miba, na mgonjwa aliyeanza kupata nguvu hulambishwa kidogo. Bila mafuta ya mkia, akasema, mimi nimempa nusu ya dawa. Hata hivyo akaomba nusu nyingine ya nusu.

Baadaye akaja Mzee Kulmiye. Huyu ni Msomali, muuza dawa karibu na msikiti, mtu mpole wa ndevu nyekundu za hina. Wiki iliyopita nyumba yake ilipekuliwa, magunia yake yakamwagwa, na bado anasalimia watu kwa utulivu. Alisema salaam aleikum, akasema Kitabu chao kinasema asali ina ponyo kwa watu, akasema kwao huinywa alfajiri katika maji ya uvuguvugu pamoja na habasoda, zile mbegu nyeusi, iliyosagwa. Habasoda anayo. Asali hana tangu barabara ifungwe. Mkewe anaumwa tumbo. Nikampa kikombe kidogo. Akaniombea dua ndefu, na ilikuwa tamu, nikasinzia katikati.

Halafu nikafikiria. Hapo ndipo mambo yangu huanza.

Watu hawa siku hizi hata sokoni hawatazamani. Huyu anamwogopa yule, yule anaogopa askari, na kila mmoja ameshika kipande chake cha kitambulisho mfukoni. Lakini kila mmoja ana nyanya aliyemshikia kijiko cha asali akamwambia fungua mdomo. Kijiko ni kile kile! Wanabishana tu juu ya kilichoongezwa. Basi je, akitokea mtu akaweka vyote mahali pamoja? Samli ya Waborana, mafuta ya Waturkana, habasoda ya Wasomali, majani aliyokuwa akichemsha nyanya yangu Mmeru, na ile tangawizi na manjano anayokunywa Mhindi wa duka la vitambaa koo likimuuma?

Dawa ya Mataifa!

Sitaki senti ya mtu. Nataka jina. Mzee M'Ikiara atachagua nani, karani wa mifugo au Daktari Kaimenyi?

Nimelala mchana nikaota hospitali. Bati jipya. Wauguzi wenye kofia za manjano. Mlima Kenya umesogea karibu dirishani, theluji yake inadondoka polepole, na kila tone likidondoka ni asali.

Jumapili, 13 Machi

Baada ya kanisa nimechanganya. Sufuria ya Mama Tache, jiko la Mama Tache, ushauri wa Mama Tache (sikuufuata). Alisema asali haipikwi. Akasema na habasoda haikai na mafuta ya mkia, na kama ningekuwa mwanawe angenipiga mwiko. Nikamwambia sayansi ina hatua zake.

Ni nzito. Rangi ni ya manjano inayoelekea weusi, na juu pana duara za mafuta zinazoteleza taratibu kama zinatafuta mtu. Harufu ni ya jiko la Mhindi lililoingiliwa na kondoo. Nimeonja. Kwanza utamu. Halafu moto. Halafu kitu kinapita nyuma ya shingo. Nikakaa chini. Niliona ukuta unapumua, vizuri tu, bila haraka.

Nyuki wamekuja. Ni kiangazi, maua hakuna, na sufuria yangu inaita. Wamejaa dirishani, wananguruma wimbo mmoja mrefu. Nimewaacha. Nimelala katikati ya wimbo wao mpaka jua likageuka.

Jumanne, 15 Machi

Siku tukufu! Anderson amekuja kwangu!

Alikuja kwa mguu, akisukuma baiskeli. Akazungumza juu ya hali ya hewa. Akazungumza juu ya chanjo ya ng'ombe. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini kwamba ana rafiki ambaye ana jipu, mahali ambapo rafiki huyo hukalia baiskeli. Nikamuuliza kama rafiki yuko mbali. Akasema hayuko mbali sana.

Sikucheka. Daktari hacheki. Nikampa kopo la Dawa ya Mataifa, nikamwagiza rafiki apake kwa wingi. Nilikuwa nimeongeza pilipili asubuhi ili dawa iwe na mwendo. Nilisahau kumwambia. Nasema nilisahau.

Akaenda nyuma ya choo cha plot. Halafu Anderson akapita mbele ya mlango wangu bila baiskeli, mkono mmoja kwenye suruali, tai begani, na nyuki wote wa dirishani wakaondoka kumfuata. Walipotelea upande wa soko. Lomuria alikohoa kwa kicheko mpaka akahitaji kijiko. Mama Tache alisema ni dhambi, huku machozi yakimtoka.

Baiskeli bado iko hapa. Nimeikalia kidogo. Kiti chake si kibaya.

Alhamisi, 17 Machi

Hofu. Nimefungua pipa nikatazama ndani. Asali imeshuka! Nimewapa wangapi? Sikumbuki. Kila aliyekuja alikuwa na nyanya. Sasa ukiligonga pipa, linajibu.

Keshokutwa ni Burat. Nimeshika tama nusu ya mchana. Joto. Nzi mmoja alikuwa anatembea juu ya ukuta na mimi nikatembea naye, mpaka juu, mpaka kwenye bati, na huko juu jawabu likanijia.

Nimemimina Dawa ya Mataifa yote ndani ya pipa! Nikakoroga kwa mwiko mrefu wa kinu. Limejaa tena hadi mdomo. Kwani Mzee ametaka asali. Mimi nampa asali pamoja na hekima ya makabila. Ni heshima mara mbili. Anderson angempa nini? Chanjo?

Halafu nimeandika kwenye pipa kwa rangi nyekundu iliyobaki ya kibao cha kinu, herufi kubwa: DAWA YA MATAIFA. HUPONYA KIFUA, MOTO, MIBA NA RISASI. Neno la mwisho nimeliweka kwa ajili ya wanajeshi wa kambi iliyo njiani, wapate kunijua mapema. Nimefunga kwa kamba ya kiatu, mafundo mengi. Nimetazama kazi yangu mpaka macho yakawa mazito.

Mama Tache hajui kusoma. Ameniuliza ni nini nimeandika. Nikamsomea. Akasema nifute. Wamama wana wasiwasi wa bure.

Jumamosi, 19 Machi

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Jua limeniunguza shingo.

Nilitoka asubuhi, suti ya kuazima, punda na mkokoteni wa Lomuria, pipa limefunikwa shuka. Njia ya Burat ilikuwa nzuri. Ukungu mwembamba, punda ananing'iniza masikio, mimi najiona mzee mwenye wajukuu. Upepo ukaondoa shuka. Nikaiacha hivyo. Nilitaka nisomwe.

Nikasomwa. Karibu na kambi kulikuwa na kizuizi. Koplo mmoja, Mkamba, akazunguka pipa akisoma kwa sauti, na alipofika kwenye RISASI akasimama. Akaniuliza dawa ya risasi inaondoka mjini kwenda porini kwa nani. Nikajibu ni ya baba mkwe. Akauliza baba mkwe amepigwa risasi lini.

Hapo akili iliniruka. Nikasema bado hajapigwa. Akauliza kama nina habari kwamba atapigwa.

Nikakalishwa juani, mikono kichwani. Wakafungua kamba ya kiatu. Koplo akachovya kijiti, akaonja, akatema, akaonja tena. Akauliza hiki ni kitu gani. Nikaona ni nafasi yangu. Nikamweleza yote: Waborana, Wasomali, Waturkana, Mhindi, nyanya yangu. Akasikiliza kwa makini sana, halafu akauliza watu wote hao walikutania wapi, na mkutano uliitishwa na nani.

Mama yangu! Nililia. Naandika ukweli, nililia. Niliwaza Mzee M'Ikiara na watu wake wamekaa wananingoja, Kajuju anatazama njia, na mimi napelekwa kusikojulikana kwa sababu ya neno moja jekundu. Wengine wamechukuliwa kwa kidogo kuliko hicho. Kulmiye alipekuliwa kwa harufu ya bizari tu.

Akaja nani? Anderson. Juu ya baiskeli yake, aliyotuma kijana kuichukua kwangu jana, amesimama kwenye pedali, hakai. Koplo alimjua kwa sababu ya mambo ya ng'ombe wa kambi. Akamuuliza kama ananifahamu. Anderson akanitazama kwa muda mrefu. Nilimwona anafikiria lile jipu. Kisha akasema ananifahamu vizuri, kwamba mimi si shifta wala siwezi kuwa, kwa maana hata mashifta hawachukui kila mtu. Askari wote wakacheka. Koplo akanirudishia pipa, nikalifunga tena. Akanipa na ushauri: kwao Ukambani nyanya yake alikuwa anatia ndimu katika asali, basi, hakuna zaidi, na koo lilipona.

Nikafika Burat jua limeshasogea sana. Wazee wamekaa. Wanawake wamevaa vizuri. Kajuju amesimama mlangoni, na aliponiona akatabasamu, halafu akaliona pipa, tabasamu likakaa hapo hapo bila kujua liende wapi.

Mzee M'Ikiara akalizunguka pipa. Akatazama maandishi. Akatazama mfuniko. Akagusa ile kamba ya kahawia kwa kidole. Halafu akashusha macho polepole kwenye viatu vyangu, cha kushoto kimefungwa, cha kulia kimepanua mdomo. Akauliza kwa adabu kama kwetu viatu hununuliwa kimoja kimoja.

Wanawake wakafungua, kwa desturi tu. Mama yake Kajuju akanusa. Akasema kuna kondoo humu ndani. Wakafunga tena.

Mzee hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Akasema yeye hana haja na asali, ana haja ya kujua kama mtu anaweza kukaa na kitu kilichofungwa bila kukifungua, maana binti yake atakaa na mtu huyo siku nyingi. Akanipa mpaka Jumatatu ya Pasaka. Pipa jipya, limefungwa. La sivyo atawasikiliza watu wa Anderson, ambao wamekwisha kuomba siku.

Punda alinirudisha mwenyewe. Mimi sikuwa naona njia.

Jumapili, 20 Machi

Kajuju amekuja! Alisema amekuja kumwona Mama Tache. Wakakaa kwenye mkeka, mguu kati yao. Ngozi mpya imetoka, laini, rangi ya waridi pembeni. Mama Tache akamweleza kila kitu, na mimi nilikuwa nasikia kutoka ndani: kwamba kila asubuhi mimi huja na maji yaliyopoa, huuosha mguu polepole, hupaka asali tupu, hufunga kitambaa, na hata jana, siku ya Burat, nilifanya hivyo kabla ya kuvaa suti.

Kajuju akaniita. Nikatoka. Alikuwa na hasira na macho yake yana maji. Akasema yeye hamtaki daktari. Akasema alimkubali Kaimenyi anayeosha miguu ya mama wa watu bila kuandika juu ya pipa kwa rangi. Akasema babake ataletewa pipa lingine, mjomba wangu ameshatumiwa salamu na yeye mwenyewe, wala si mimi, na likifika atalifunga kwa mkono wake. Nikilifungua, akasema, nisiende Burat tena, wala nisimsalimie sokoni, kwa sababu atakuwa amepata jibu lake.

Nikaapa. Nikaapa kwa Biblia, kwa mama yangu, na kwa kinu cha posho.

Nimefikiria maneno yake mpaka giza. Sasa nayaelewa. Ni wazi kwamba ile Dawa imemgusa. Mwanamke hakasirikii kitu kidogo hivyo.

Jumatano, 6 Aprili

Pipa jipya lilifika jana. Mjomba ametuma pamoja nalo maneno ambayo dereva wa lori aliona haya kuyasema. Kajuju alikuja na leso yake ya buluu, akairarua ukanda mrefu mbele yangu, akafunga mfuniko, akavuta fundo kwa meno. Halafu akaweka kiganja juu ya pipa, na kiganja kingine kifuani pangu, akaniambia Jumatatu ni karibu.

Sitaligusa. Nimelitenga kwenye kona. Nimeligeuzia mgongo.

Mvua imeanza kunukia mbali, upande wa milima. Upepo baridi kidogo. Mahindi hakuna. Nikalala nimegeuza mgongo, na katika usingizi akaja yule Koplo, amevaa kofia ya manjano ya uuguzi, ameshika ndimu. Nikaamka nimeketi.

Ndimu!

Ndiyo maana Dawa ya Mataifa ilishindwa! Ilikosa taifa moja. Wakamba, watu wa mizinga, na mimi niliwaacha nje! Tena nilipika, na Mama Tache alisema asali haipikwi. Asali mbichi, ndimu, basi. Kitu safi. Hakuna kondoo. Mzee mwenyewe ana kikohozi, nilimsikia siku ile. Nikimfikishia pipa lake limefungwa, na kando yake kichupa kidogo tu cha dawa ya koo, si atalia kwa furaha? Si Kajuju atajua kwamba nilimfikiria baba yake?

Kijiko kimoja. Kijiko kimoja hakishushi pipa. Sifungui, nalegeza tu.

Nimelegeza. Nilifungua fundo la Kajuju kwa uangalifu, kwa meno kama yeye, na leso ilikuwa na harufu yake. Nikaiweka juu ya kitanda, nikaikunja vizuri. Nikachota kijiko changu. Nikaenda kwa Lomuria kuomba ndimu.

Niliporudi mlango ulikuwa wazi. Mbuzi alikuwa juu ya kitanda. Kipande kidogo cha buluu kilionekana kwenye kona ya mdomo wake, kikapanda, kikashuka, kikaisha.

Mama Tache alikuwa amesimama uani kwa miguu yake miwili mizima. Aliona yote. Nilingoja anipigie kelele. Aliingia kwake akafunga mlango, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimeuona umefungwa mchana.

Nimekaa kidogo. Nimemtazama nyuki mmoja anazunguka mdomo wa pipa, anaingia, anatoka, hana haraka. Mvua ikinyesha Jumatatu, mwanga utakuwa hafifu. Na kwa mbali, buluu na kahawia si rangi zinazogombana sana.

Kiatu cha kushoto bado kina kamba.